Njoo Mwezi Ujao

Mayfair, Johannesburg, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Barua ya kistaarabu huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua: umetoka hapa sasa hivi umenuna, kwa sababu mama yako amekulazimisha kwenda kuwaaga watu wote wa Buyenzi, mtaa wetu wa kule Bujumbura, waliohamia mitaa hii, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba kuna chai. Hali yangu nayo unaijua: goti la kulia bado linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Basi tuhesabu tumesalimiana.

Utaisoma hii polepole, najua. Kiswahili chetu unakisikia chote, hata cha matusi, ila kujibu unajibu kwa Kiingereza, na ukisoma unapitisha kidole chini ya maneno kama mtu anayechagua mchele. Ningekuandikia kwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni cha vibao: tunanyoa, tunasuka, airtime ipo, kukopa kesho. Ninalotaka kukwambia halienei kwenye kibao. Maisha yangu yote nimelipwa kuandika maneno machache makubwa. Haya ya leo ni mengi na madogo. Vumilia.

Mambo ya safari sitayagusa. Blanketi, viazi, namna ya kufunga mlango, wanaume: hayo ni ya mama yako, ameshakwambia, na kesho atakwambia tena kupitia dirisha la basi. Mimi nimepewa kazi ya kubeba begi na kunyamaza. Begi nitalibeba. Kunyamaza ndiko kulikonishinda, na ndiyo maana nimekaa hapa mezani na kalamu ya mama yako ya biashara ya sambusa.

Nataka tuzungumze habari ya zile kurasa.

Wiki hii ulinikuta najaribu herufi za kibao cha kinyozi wa Kensington, nimeishiwa karatasi. Ukaingia chumbani, ukatoka na bahasha yako nzima ya michoro, ukaiweka mezani mbele yangu. Ulisema nyuma ni safi, nitumie tu. Uliongea haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu mlangoni kwa jirani, ukarudi kukunja nguo zako. Mimi, kwa kuwa brashi ilikuwa imeshalowa, nikachukua karatasi ya juu nikaandika neno zima. Ndipo nikaigeuza. Mama Moshi akaniangalia.

Alikuwa kwenye kona yake ya Marshalltown, anachoma mahindi kama kawaida yake, na moshi wa jiko lake umepanda ukafunika barabara, robot za barabarani hazionekani, taa nyekundu wala kijani, magari yamesimama, na ndani ya moshi ule wachuuzi na vifurushi vyao wamepotea machoni pa askari wanaowafukuza. Miaka mitatu umemchora mama yule. Kila anayekimbizwa katika mji huu amepata kujificha katika moshi wake. Nampenda kuliko mashujaa wote, na nasema hivyo nikiwa mimi mwenyewe baba wa shujaa mwingine. Sikujua kwamba nyumbani kwetu ndiko alikofukuzwa.

Sababu naijua. Ni barua ya wale wachapishaji wa Cape Town. Ulitusomea mezani mwezi uliopita, ukitafsiri unavyokwenda. Walisema hapana, hawatamchapa. Walisema Mama Moshi hashindwi hata mara moja, na shujaa asiyeshindwa huchosha. Kisha wakasema mkono wako wameupenda, na kwa kuwa unakuja kusoma mjini kwao, ukifika upite ofisini na hadithi ya pili. Hapo mwisho ulisoma kwa sauti ya puani, tukacheka sote. Mama yako akauliza utapita lini. Nawe ukamjibu, safari hii kwa Kiswahili, kwa sababu ulikuwa unanukuu:

"Hawana maana hiyo, Mama. Baba mwenyewe alisema. Mtu mwenye adabu hakukatai, anakwambia uje kesho."

Nilikuwa na sambusa mdomoni, nikaifanya ndiyo sababu ya kutojibu. Leo sina sambusa.

Maneno yale si yangu, ni ya bibi yako, yule uliyerithi jina lake, ndiyo maana nikitaka kukubembeleza nakuita "Mama." Bibi Zaituni aliuza vitambaa Buyenzi miaka mingi na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu hapana. Mteja akitaka kitambaa ambacho ameshamwekea mwingine, alimwambia, "Pita kesho." Akipita kesho, anaambiwa tena pita kesho. Mwenye akili hakupita mara ya tatu. Sisi watoto tulifundishwa hivyo kama tulivyofundishwa kula kwa mkono wa kulia: ukiambiwa njoo kesho mara mbili, mwachie mtu heshima yake. Kurudi ni kumvua nguo, ni kumlazimisha atamke neno ambalo amejitahidi kulificha kwa ajili yako. Simlaumu bibi yako. Mtaa ule tulikuwa tumebanana, watu wa kila namna, ukuta mmoja nyumba mbili, na "hapana" ilikuwa na uwezo wa kuchoma nyumba. Baadaye tuliona inavyochoma.

Huko ndiko nilikokuwa na Jumaine. Unamjua kwa jina tu, kwa sababu kila nikianza kumsimulia naishia kusimulia kitu kingine. Yeye aliandika, mimi nilichora. Shujaa wetu alikuwa mchukuzi wa ndizi, mmoja wa wale wanaoteremka kwa baiskeli kutoka milimani mpaka Bujumbura, mkungu nyuma kama mtoto. Siku moja breki zikakatika. Akanyoosha mkono mbele kwa woga tu, na kila kitu kikasimama, mteremko wenyewe ukasimama. Tangu siku hiyo chochote alichokinyooshea kiganja kilisimama: lori, risasi, hata mvua hewani. Tukamwita Kiganja. Ila naye alisimama pamoja na kile alichokisimamisha, hawezi kusogea mpaka akiachie. Kipande hicho cha mwisho kilikuwa cha Jumaine. Mimi nilitaka jamaa aruke tu na avae kitu chekundu.

Tulimpeleka kwa mzee mmoja mwenye imprimerie karibu na soko, aliyekuwa akichapa kalenda na vitabu vya sala. Alitupa soda. Akazitazama kurasa akitikisa kichwa kwa namna ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya kupenda au ya kuhurumia, akasema tuje kesho. Tukaja. Akasema tuje kesho. Tulipotoka nje, Jumaine akasema basi kesho tuje.

"Akitufukuza si tutajua tumefukuzwa?" alisema. "Sasa hivi hatujui kitu."

Nikamcheka. Nikamwambia kwao hawakufundishwa. Nikamwita mtoto wa gereji, maana baba yake alikuwa fundi magari na nyumbani kwao walisalimiana kwa kupiga kelele juu ya injini. Naye alicheka, alikuwa hana kinyongo. Hatukurudi. Haikupita miezi mingi vita vikaingia mitaani, na Jumaine hakutoka Buyenzi. Mimi nilitoka. Yule mzee na mashine zake sikusikia habari zao tena. Kwa hiyo, Zaituni, mpaka ninapoandika hapa sijui kama alitukataa, au kama kweli siku ile alikuwa na kazi nyingi. Ni jambo dogo. Lakini lina namna ya kuniamsha.

Yaliyotokea huku umeyasikia, nimeyasimulia kila Idi. Kwamba nilimchora Kiganja upya, nikamshusha kwenye baiskeli nikampandisha taksi isiyo na breki inayoteremka kutoka Yeoville na abiria wake wote wanasali kwa lugha tofauti. Kwamba nilimpeleka kwenye ofisi moja Marshalltown iliyokuwa ikichapa jarida la katuni kila mwezi. Kwamba walinikataa kwa heshima. Hapo wageni hutikisa vichwa, mmoja husema dunia ni hivyo, na mama yako huondoka kwenda kuchemsha maji. Hujawahi kujiuliza kwa nini huondoka hapo hapo kila mara? Sasa nikusimulie ilivyokuwa.

Aliyenipokea aliitwa Bi Lindiwe, mama wa umri wangu, miwani imeshikiliwa na uzi shingoni. Alizisoma kurasa zote akiwa wima wakati mimi nimekaa, jambo lililonitia aibu. Tulizungumza kwa Kiingereza changu na Kizulu changu, vyote viwili vibovu, lakini alilosema nililielewa vizuri.

"Hapana," alisema. "Hii sichapi. Shujaa wako anasema sana, maneno yamejaa mpaka hana pa kuweka mkono. Lakini huyu mtu anayesimama pamoja na kitu alichokisimamisha, huyu namtaka. Niletee fupi, bila neno hata moja. Njoo mwezi ujao."

Nikashukuru kwa mikono miwili. Nikateremka ngazi nikiwaza, huyu mama kalelewa. Amenikataa bila kunivunja. Nilifurahi, wallahi. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yako wamekataa. Sasa mama yako, unamjua, ni mtu wa Uvira. Kwao mtu akikukataa mtaa mzima unasikia.

"Wamekataa vipi?" akauliza.

"Wamesema nirudi mwezi ujao."

Akaniangalia kama mwanamke anayeanza kushuku kwamba aliolewa kwa makosa. "Baba Zaituni, hapo kukataa kuko wapi?"

Nikamwambia hajui heshima za watu. Akaacha. Mwezi ujao ulikuja, nikawa napaka kibao cha spaza, duka la mtaani, nao ukapita.

Ulikuwa mwaka ule ambao wenyeji walitugeukia sisi wageni. Unaukumbuka, ulikuwa na miaka kumi na tatu, tulilala msikitini, na ulimpa mtoto wa Kisomali kalamu zako za rangi ili asilie. Watu wengine nimewaambia kwamba ndiyo sababu sikurudi Marshalltown. Si kweli. Mitaa ilitulia, nami niliendelea kupita barabara ile ile kwenda kununua rangi, nikiinua macho kutazama dirisha la Bi Lindiwe, kisha nikiyashusha kwa adabu.

Halafu ukaja wewe, darasa la tisa, na kitabu cha maktaba kikubwa kuliko kifua chako, ukanifuata mpaka kwenye ngazi nikiwa juu napaka ukuta wa saluni, ukanisomea jinsi mashujaa wa katuni walivyoanza. Unakumbuka? Vijana wawili wa Marekani, mmoja akiandika, mwingine akichora, maskini wa kuchorea mgongo wa karatasi za kubandika ukutani. Wakamtunga mtu mwenye nguvu kupita wanadamu wote. Wakampeleka kwa wenye magazeti, wakaambiwa hapana. Wakampeleka kwa wengine, hapana. Miaka ikapita. Mmoja alikata tamaa akaitia hadithi nzima motoni, mwenzake akaokoa jalada tu. Wakaanza upya, wakakataliwa upya. Walipompata hatimaye wa kuwachapa, walitakiwa wakate michoro yao vipande vipande, waibandike tena ili ienee kwenye kurasa za kitabu, na wakakata. Na walivyodhulumiwa baadaye ulinisomea pia, kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyewadhulumu.

Nilichokujibu nakikumbuka. Nilisema hao watoto hawakulelewa. Mtu anakukataa, unarudi? Hawana mama hao? Ulicheka mpaka ukashika ngazi, nikaogopa kuanguka. Uliona ni utani, na nilikusudia uone ni utani. Lakini juu pale, brashi mkononi, nilikuwa nimeshtuka. Nilikuwa nimemsikia Jumaine. Wale vijana walikuwa watoto wa gereji, wawili, na hakukuwa na wa tatu wa kuwaambia waache.

Sasa nifike mwaka jana. Mwenye lile jengo la Marshalltown alitaka majina ya ofisi yaandikwe mlangoni kwa mkono, kwa rangi ya dhahabu, kama zamani. Vijana wa stika hawawezi hiyo, akanitafuta mimi. Nilikuwa nimepiga goti moja, lile zuri, naandika jina la wakili, lifti ikafunguka nyuma yangu. Nikaona kwenye kioo mama wa mvi amesimama bila kuondoka. Nikadhani nimemzibia njia.

"Wewe," akasema. "Kiganja."

Alitamka kwa Kizulu chake, lakini alikumbuka. Nikasimama, nikamwamkia. Hakuitikia. Alivaa miwani yake akanitazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Ulikuwa mzima?" akaniuliza.

Nikasema mzima.

"Miaka yote hii? Hapa hapa mjini?"

Nikasema hapa hapa, Mayfair.

Zaituni, yule mama alivua miwani akaegemea ukuta. Akaniambia kwamba mwezi ule aliniachia kurasa katikati ya jarida. Alinisubiri. Mwezi ukaisha, ndipo vurugu zikaanza, akasikia yanayowapata wageni, akaniweka katika hesabu hiyo. Alikwenda Mayfair mwenyewe, mwanamke peke yake, akauliza dukani na msikitini habari za Mrundi mchoraji. Wakamwambia Warundi ni wengi na siku hizo hakuna aliyekuwa anaonyesha mlango wa mtu. Alidhani nimeuawa. Alidhani hivyo miaka mitano. Na mimi nilikuwa hapa, mtaa wa pili, nakula sambusa na kuwasimulia wageni jinsi nilivyokataliwa.

Aliniuliza kwa nini sikuja. Nilitafuta jibu kwa Kiingereza, nikalitafuta kwa Kizulu, mwisho nikasema ukweli ulivyo: nilidhani ni adabu. Nilidhani amenikataa kwa upole, nisingependa kumwaibisha.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Sisi pia tuna adabu, baba," alisema. "Ndiyo maana nilianza na hapana. Nilikwambia lile gumu kwanza ili ujue kwamba linalofuata si la kukufurahisha."

Akaingia ofisini kwake akatoka na jarida la mwezi ule, akanipa. Liko hapa mbele yangu. Katikati, mahali pa Kiganja, kuna tangazo la sabuni ya kufulia: mama anayetabasamu na mashati meupe kwenye kamba, kurasa mbili nzima. Ni sabuni nzuri. Tumeitumia.

Utaniuliza kwa nini sikuwaambia. Mama yako nilimwambia siku ile ile, naye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, hakusema "si nilikwambia." Alikaa kitandani akashika mkono wangu wa rangi. Hilo lilinitisha kuliko ugomvi. Wewe sikukwambia kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa mtu aliyekataliwa. Usidhani ni kazi ngumu, ni kazi ya kiti. Una hadithi yako, una wakosaji wako walio mbali, una wageni wa kukuhurumia, na hakuna anayekuuliza umechora nini mwaka huu. Ningeweza kufa nayo na msiba ungependeza.

Kisha ukaweka barua ya Cape Town mezani, ukasoma kwa sauti ya puani, ukanukuu maneno yangu. Nikaiona ile kazi ya kiti umeirithi, na wewe una miaka kumi na tisa, bado hujachoka kiasi cha kuketi.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo hukuniona nikilifanya, kwa kuwa ulidhani nachora vibao. Nilimchora Kiganja. Kurasa chache, bila neno hata moja. Mkono unatetemeka kwenye mistari mirefu, lakini nilimaliza, nikavaa shati la Ijumaa nikaenda kwa Bi Lindiwe. Lile jarida halipo tena. Siku hizi anachapa vijitabu vya zahanati, na mara moja moja kitu anachokipenda. Alizisoma akiwa wima. Nami safari hii nilisimama.

"Hapana," alisema.

Nikasubiri. Ajabu ya Mungu, nilikuwa bado napumua.

"Wewe umezeeka na yeye umemwacha kijana," alisema. "Hivi ulivyopanda ngazi zangu, mtu huyu angepandaje? Mchore na goti lako. Njoo mwezi ujao."

Basi nitakwenda mwezi ujao. Huenda atasema hapana tena. Sijui kama Kiganja atachapwa kabla sijafika umri wa kusimamishwa na vitu vingine. Lakini nilipotoka pale niliteremka ngazi nikizungumza peke yangu, na niliyekuwa nazungumza naye alikuwa Jumaine. Nilimwambia, sasa najua tumefukuzwa kiasi gani. Kumbe si sana.

Hao watu wako wa Cape Town siwajui. Huenda ni maneno ya karatasi tu. Huenda barua ile wameituma kwa watoto mia. Nikikuhakikishia kwamba wanakusubiri nitakuwa nakudanganya, na utaenda mlangoni kwao na uongo wangu mkononi. Ninachojua ni kimoja. Walianza na hapana. Walikwambia na kosa la Mama Moshi, nalo ni kosa la kweli, hata mimi nililiona zamani, nikanyamaza kwa mapenzi. Mtu anayetaka usirudi hapotezi muda kukuonyesha palipooza.

Nimefikiri kidogo kuhusu kushindwa kwake. Najua, najua, mchoraji ni wewe, na umeniambia mara nyingi kwamba mawazo yangu yananuka rangi ya mafuta. Basi lichukue hili kama harufu tu. Mama Moshi amezoea moshi wa huku, ambao hupanda ukakaa. Wanasema Cape Town kuna upepo wa ajabu, unavua watu kofia na kufungua milango isiyo yake. Ule upepo hauna adabu kabisa. Ingekuwaje siku moja jiko lake liwe huko, na waliokimbilia kwake waonekane wote?

Jina lako ni la mama yangu na sitalitukana. Kila utakapokwenda nataka uwe mtu anayeamkia wakubwa, anayepokea kwa mikono miwili, anayemwachia mtu heshima yake. Ila bibi yako alikuwa akiuza vitambaa. Kitambaa kikiuzwa kwa mwingine kimeuzwa. Mama Moshi hajauzwa kwa mtu.

Kurasa sikuzitia begini mwako. Nilijaribu, nikazitoa, kwa sababu ningekuwa nimekubebea na uamuzi pia. Nimezirudisha kwenye bahasha, na bahasha iko juu ya cherehani ya mama yako, pale mlangoni ambapo utaegemea kesho ukivaa viatu. Ukiziacha, nitazitumia kujaribia herufi kama ulivyosema, na nitaandika vibaya makusudi ili zisitoshe kamwe. Ukizichukua sitasema neno. Nitatazama goti langu.

Kuna jambo moja la kukuomba radhi. Ule ukurasa wa kwanza, kabla sijaugeuza, nilikuwa nimeshaandika nyuma yake, kwa rangi nyekundu isiyofutika, herufi za urefu wa shubiri: KINYOZI. Limependeza sana, hasa ile Z. Kule ofisini wakigeuza karatasi wakashangaa, waambie ni baba yako, fundi wa vibao wa Johannesburg, naye pia anasubiri mwezi ujao.

Tuandikiane watakavyotwambia. Mimi yangu nitakuandikia neno kwa neno, pamoja na hapana yake, bila kuivalisha nguo. Nawe uniandikie hivyo hivyo, kwa lugha yoyote.

Nawasikia ngazini. Mama yako anacheka, na wewe unamwambia umekunywa chai ya kutosha maisha yako yote. Nafunga hapa, nije niwafungulie kabla hamjabisha.

Baba yako